Nilipokataa Kuchangia Kamchape

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, mtu anayekataa kuchangia kamchape hulazimika kujibu swali moja kabla ya mengine yote: unaogopa nini? Swali hilo halina jibu jema. Ukisema huogopi, unaambiwa utoe fedha. Ukisema huamini, unaambiwa kwamba hata mchawi husema haamini. Na ukinyamaza, ukimya wako unahesabiwa kuwa ungamo. Mimi niliulizwa swali hilo na watu ninaowapenda, na baadhi yao walikuwa wakitokwa na machozi walipoliuliza, kwa sababu marehemu aliyekuwa akizungumzwa alikuwa ndugu yao, naye alikuwa mume wangu.

Kwa msomaji ambaye hajaishi huku, kamchape ni waganga wanaohama kijiji hadi kijiji wakidai kuwa na uwezo wa kuwatambua wachawi na kufukua vitu walivyovificha majumbani. Sehemu nyingine za nchi watu wa kazi hiyo huitwa lambalamba. Hawakuzuka jana. Katika miaka ya 1930 waganga wa aina hiyo, wenye dawa zao na vioo vyao, walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaenea Rhodesia ya Kaskazini na kufika kusini-magharibi mwa Tanganyika, na tangu wakati huo wamekuwa wakija na kutoweka kwa sura mbalimbali. Kwa kawaida hawaji bila kualikwa. Wazee hukaa kikao, vijana hupewa daftari, kila kaya hutajiwa kiasi chake, na fedha zikishatimia wageni hufika, wananchi hukusanywa uwanjani, nyumba zilizotajwa huingiwa, sakafu huchimbwa, kisha pembe, kibuyu au hirizi hutolewa mbele ya umati. Mwenye nyumba hunyolewa nywele, huchanjwa chale, hunyweshwa dawa na kutozwa faini, na asiye na fedha za faini huuza mbuzi, shamba au mtumbwi.

Sisimulii haya kwa nia ya kuwadhihaki majirani zangu. Kijiji kinachozika watoto kila masika hakiwezi kuponywa kwa kuambiwa kiache ushirikina na mgeni aliyefika asubuhi kwa gari na kuondoka kabla ya adhuhuri. Hofu ya watu wetu ni ya kweli na ina makaburi yake. Nilichokikataa mimi ni namna walivyotaka kuitibu, yaani kumchukua mtu mmoja dhaifu na kumtwisha vifo vya kijiji kizima.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alifariki mwaka 2017 katika msimu wa kusi, upepo wa miezi ya kati ya mwaka ambao huliinua ziwa kiasi kwamba mtu aliyezoea kuliona limetulia hawezi kuamini kuwa ni lilelile. Walitoka jioni, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa na usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mtumbwi ulikuwa ukivuja. Nalijua hilo kwa sababu mchana wa siku hiyo nilimpelekea chakula ufukweni nikamkuta ameinama ndani yake, akisokomeza pamba katika nyufa za mbao kwa ncha ya patasi, na kila aliposokomeza upande mmoja, ubao uliooza ulimeguka upande wa pili. Hakuna aliyekuwa na jaketi okozi. Kati ya wanne waliotoka, wawili waliokotwa alfajiri wakiwa wameshikilia ubao, na wengine wawili, akiwamo yeye, walipatikana baada ya ziwa kutulia.

Kwa hiyo nilikijua kilichomuua: mbao mbovu, upepo, na ufukara unaomfanya mtu mzima aingie ziwani usiku bila kitu cha kumwelesha. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyajua hayo yote vilevile, kwa maana mtumbwi ulikuwa wa familia na pamba aliinunua yeye. "Sikatai kwamba ni upepo, shemeji," aliniambia baada ya arobaini. "Lakini upepo ule ulipita juu ya mitumbwi mingapi usiku ule? Nani aliuonyesha wa kaka?" Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko anavyodhani, na hadi leo naliheshimu kama swali la mtu mwenye akili na mwenye uchungu. Ninachokikataa ni haraka ya kulijibu kwa jina la jirani.

Jina lililoanza kunong'onwa lilikuwa la shangazi wa mume wangu, mwanamke mzee aliyeishi katika kiwanja chetu. Hakuwa na mtoto aliye hai, mumewe alikwisha kufa zamani, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha kwenye moshi akikausha samaki aina ya migebuka, hivyo macho yake yalikuwa mekundu. Katika Kigoma, Tabora, Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wametazamwa kwa shaka kwa sababu ya macho ya namna hiyo, na baadhi yao wameuawa, ilhali chanzo chake ni meko ya kuni. Ningependa kuandika kwamba alikuwa bibi mpole aliyependwa na watoto wa mtaa mzima, lakini hakuwa hivyo. Alikuwa na ulimi mkali, hakukopesha, hakusamehe deni, na hakuwa mtu wa kupunguza bei hata kwa ndugu. Aliwahi kumwambia mume wangu mbele za watu, walipogombana kuhusu fedha za nyavu, kwamba deni lile litamtokea puani. Maneno hayo tunayasema sote kila siku kwenye mnada na kwenye foleni ya maji, lakini mume wangu alipozama yaligeuka kuwa ushahidi, na watu waliokuwapo wakawa wanayarudia kwa sauti ya chini kana kwamba walisikia kiapo.

Minong'ono hiyo iliishi miaka kadhaa bila kuchukua umbo. Ilikuwa mwaka 2021, baada ya masika yenye homa nyingi na baada ya mtumbwi mwingine kuzama, ndipo mkutano ulipoitishwa chini ya mwembe. Ajenda iliyotangazwa ilikuwa ulinzi na usalama. Mtendaji alikuwa na safari ya ghafla kwenda mjini, na sina shaka kwamba kila mtu alielewa safari ile ilikuwa ya nini. Mzee mmoja alisimama akaeleza kwamba kamchape wako kijiji cha jirani, kwamba kila kaya itachangia shilingi 10,000, na kwamba wajane na wazee wasiojiweza watatoa nusu. Kisha akanitazama na kusema kwa upole kabisa kwamba mama huyu yeye asitoe chochote, kwa sababu ni mfiwa na ndiye anayepiganiwa.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Kama wangenidai fedha tu, ningeweza kusema sina, na mwanamke asiye na fedha hakuna anayemshangaa. Lakini walikuwa wamenisamehe mchango, wakabakiza kitu kimoja tu walichokihitaji kwangu, nacho ni ukimya wangu. Nikiketi pale nikainamisha kichwa, msiba wangu ungekuwa hati ya kuingilia nyumba za watu.

Nilinyanyuka. "Ndugu mwenyekiti," nilisema, "naomba kujua mchango huu umepitishwa kwa sheria ndogo ipi, na anayetoa fedha atapewa stakabadhi ya nani." Watu waliguna. Niliuliza hivyo kwa sababu niliwahi kuwa kwenye kamati ya ujenzi wa darasa na nilijua kwamba sheria ndogo za kijiji huanza kutumika baada ya kupata idhini ya halmashauri ya wilaya, na kwamba fedha ya umma isiyo na stakabadhi haina mwenyewe. Lakini nilijua pia kwamba hilo halikuwa jambo langu lenyewe, na mtu akijificha nyuma ya utaratibu atajibiwa kwa utaratibu. Kwa hiyo niliongeza: "Mmesema mnachanga kwa ajili ya mume wangu. Mwenye msiba ni mimi, na mimi sijawaomba. Dini yangu inanikataza kumwendea mpiga ramli, na moyo wangu hauniruhusu kuona mtu ananyolewa uwanjani kwa jina la marehemu wangu. Msilitumie jina lake."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee yule alinijibu kama baba anavyomjibu binti aliyechoka: "Mwanangu, hata kama tunakosea, tutakuwa tumekosea wote. Kifo cha wengi harusi." Nimesikia methali hiyo tangu utotoni, na sijawahi kuisikia ikitisha kama siku ile.

Jioni walianza kuja. Kwanza walikuja mawifi zangu, wakasaidia kuosha vyombo, wakazungumza habari za watoto, na walipokuwa mlangoni wakaniambia kwamba naiaibisha familia. Baadaye alikuja shemeji peke yake na kuketi kwenye kigoda alichokuwa akikalia kaka yake. Hakunitisha. Aliniuliza kama nilimpenda kaka yake. Nikamwambia kwamba kama hajui jibu la swali hilo basi hakuna nitakachokisema kitakachomtosha, akaondoka bila kuaga. Mama yangu mzazi aliletewa habari Ujiji, akapanda gari siku iliyofuata, na katika wote waliokuja ni yeye aliyekaribia kunishinda, kwa kuwa hakubishana nami kuhusu uchawi hata kidogo. "Mimi pia siamini hao watu," alisema. "Lakini wewe una watoto wa kulea hapa. Watu huishi na watu, mwanangu. Nani atakuzika?"

Kamchape walifika baada ya mavuno ya mahindi. Walikuwa vijana zaidi kuliko nilivyotarajia, wengine wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, wamefunga vitambaa vyekundu vichwani, wakiongozwa na mtu mzima aliyekuwa na kioo. Walianza kwa mzee mmoja jirani yangu, mwenye michikichi mingi na maneno machache, ambaye ilisemekana kwamba alikuwa akiwatoa wavuvi kafara ili mashamba yake yazae. Vijana wawili waliingia ndani na mkoba, mlango ukafungwa, na baada ya muda sakafu ya chumba chake ilikuwa imechimbwa. Nilikuwa nimesimama karibu, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ninachokikataa.

Walitoa pembe nyeusi iliyosokotwa shanga, wakasema ilifukiwa kabla ya mume wangu kufa, na kwamba yeye alikuwa mmoja wa walioliwa kwa pembe hiyo. Ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha mfuko. Niliutazama mfuko ule kwa makini. Haukuwa nailoni tuliyoizoea zamani. Ulikuwa ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, wa rangi ya kijani, ambao madukani kwetu tulianza kufungiwa sukari baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Mume wangu alikuwa na miaka miwili kaburini wakati mifuko ile inafika kijijini kwetu. Nilimwonyesha mzee aliyekuwa amesimama kando yangu, mtu mwenye busara aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Aliutazama, akatikisa kichwa, akasema kwamba mchawi anayeweza kumzamisha mtu kilomita kadhaa ziwani hashindwi kubadilisha mfuko. Sikumbishia. Tangu dakika ile nilijua kwamba sitashinda kwa ushahidi, na kwamba nisingepaswa kusubiri kushinda ili nifanye nilichokusudia.

Aliponyweshwa dawa, mzee yule alitakiwa kumtaja mwenzake, na baada ya kuulizwa mara nyingi huku akitetemeka alilitaja jina walilokuwa wakilitaka, la shangazi. Umati uligeuka kuelekea kwangu.

Nilitangulia nikasimama mlangoni. Shangazi alikuwa ndani, ameketi kitandani na kufunga mtandio kichwani kama mtu anayesubiri safari. Niliwaambia kwamba nyumba ile aliijenga mume wangu, kwamba sasa ni yangu na ya watoto wake, na kwamba Katiba ya nchi inailinda maskani ya mtu. Askari mwenyewe akitaka kupekua kwa kawaida huja na kibali na huwa na mjumbe wa nyumba kumi. Niliwaambia pia kwamba mwanangu amekwisha kupanda bodaboda kwenda kituo cha polisi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Vijana wale walicheka. Mmoja aliinua jembe kidogo, si kwa kunipiga, bali kama mtu anayepima uzito wake. Shemeji yangu alikuwa mstari wa mbele. Sikumwomba kitu. Nilimtazama tu, naye akatazama chini, akasogea pembeni nje ya njia, na hadi leo sijui kama alisogea ili wapite au ili asiwe miongoni mwao.

Kiongozi wao alikuwa mtu mwenye akili ya biashara. Alielewa kwamba jua linashuka, kwamba ziko nyumba nyingine ambazo wenyewe hawatabisha, na kwamba polisi wakija mapato ya siku yatapotea. Akainua kioo chake kuelekea paa la nyumba yangu akatangaza kwamba nyumba hii imejifunga yenyewe, na kwamba yeyote atakayekula nayo au kuingia ndani yake asije akamlaumu mtu. Kisha wakapita. Watu waliniambia baadaye kwamba niliponea chupuchupu. Mimi naona kwamba kuingia kwao kungekuwa jambo la saa moja, lakini yale maneno yaliishi zaidi ya mwaka.

Kutengwa kwa namna ya kwetu hakutangazwi. Hakuna barua, hakuna kikao, wala hakuna anayekuja kukuambia kwamba kuanzia leo hatusemi nawe. Mimi hujipatia riziki kwa kukamua mawese. Nina mashine ya kuzungusha kwa mkono, na watu huleta chikichi zao, nami huchukua sehemu ya mafuta kama malipo. Kwanza waliacha kuja wale wa mbali, ambao hawakuwa na haja ya kunieleza sababu. Halafu wakaacha majirani, kila mmoja kwa udhuru wake: mikungu haijaiva, mume amesafiri, mise, yaani kokwa za chikichi, zitauzwa kwanza. Mashine ilikaa hadi kutu ikaanza kushika kwenye skrubu. Kwenye kikundi chetu cha vikoba nilikuwa mmoja wa washika funguo tatu za sanduku. Mwenyekiti wetu, mwanamke niliyemsaidia kujifungua, alikuja kuuchukua ufunguo wangu akisema kwamba wanachama wameona tupokezane majukumu. Alisimama nje ya uzio, akanyoosha mkono juu ya miti ya uzio, nikamwekea ufunguo kiganjani, naye akaushika kwa ncha za vidole.

Dukani niliuziwa, maana fedha haina mchawi, lakini mazungumzo yalikatika nilipoingia na kuendelea nilipotoka. Bombani nilipowasalimia wenzangu waliitikia kwa heshima ya kawaida, kisha ndoo zao zikasogezwa kidogo. Binti yangu alirudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli kwamba bibi anaruka usiku. Shangazi alimsikia. Alimjibu mwenyewe, kwa ulimi wake uleule, kwamba angekuwa na uwezo wa kuruka asingekuwa analipa nauli ya kwenda Mwandiga.

Jambo ambalo sikulitazamia ni wingi wa watu waliokubaliana nami. Walikuwa wengi, na karibu wote walikuja usiku. Alikuja mwalimu, akaniambia nimefanya jambo la kishujaa, akaomba nisimtaje. Alikuja mmoja wa wazee waliokuwa meza kuu siku ya mkutano, akaniachia dumu la mafuta ya taa na kuondoka haraka. Shehe wetu alinieleza kwa ushahidi wa dini na kwa kirefu kwamba nilichokisema kuhusu ramli ndicho sahihi, na nilipomwomba aseme hivyo Ijumaa kwenye mimbari alisema kwamba kila jambo lina wakati wake. Sikumchukia. Ana familia, na nyumba anayoishi aliijengewa na waumini walewale. Lakini niliona jinsi kijiji kizima kinavyoweza kuburutwa na imani ambayo huenda nusu ya watu wake hawana, kwa sababu kila mmoja anadhani yuko peke yake na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Tangu wakati huo, mtu akija kunipongeza kwa kunong'ona, humwomba kwa adabu akanunue mafuta yangu mchana.

Katika kipindi hicho niliamua jambo moja ambalo naona ndilo lililonisaidia kuliko ujasiri wowote. Niliamua kwamba nimekikataa kitu kimoja tu, na kwamba sitakiruhusu kinivute kukataa vingine. Mchango wa madawati nilitoa, na nilikuwa wa kwanza kupeleka. Siku za kusafisha njia ya maji nilikwenda na jembe. Sikususia ibada, sikuhama, sikujibu tusi, na sikukosa msiba hata mmoja niliousikia. Watu walinishangaa, na dada yangu aliyeko mjini alinigombeza kwa simu akisema ninajipendekeza kwa watu wanaonitemea mate. Sikuona hivyo. Waliotaka kunitenga walikuwa wanasema kwamba mimi si wa pale. Kama ningejitenga mwenyewe ningekuwa nimewasaidia kuthibitisha.

Misiba ilikuwa migumu. Nilipofika kwenye wa kwanza, wanawake waliokuwa wakichambua mchele walijipanga vizuri zaidi kwenye mkeka hadi nafasi ikaisha. Nilikwenda kuteka maji. Nilipomaliza maji nikapasua kuni. Nikala peke yangu karibu na jiko, nikakesha, nikarudi nyumbani asubuhi. Mara nyingine ikawa vilevile, na nyingine vilevile. Ikafika siku ambapo bibi mmoja wa Kibembe, mkubwa kuliko wote pale, ambaye hata simjui vizuri, alisukuma ungo kwa mguu wake hadi mbele yangu akasema kwa sauti ya kukasirika, "Chagua mchele huu, sisi wengine macho hayaoni." Nikaketi. Mwanamke aliyekuwa kulia kwangu hakusogea.

Serikali nayo ilifika, kwa kuchelewa. Kiongozi wa wilaya alikuja na msafara, akasimama chini ya mwembe uleule, akasema kamchape ni marufuku na atakayewaleta tena atakamatwa. Alikuwa sahihi. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na chini yake mtu anayemtaja mwenzake hadharani kuwa ni mchawi, badala ya kupeleka madai yake kwa wenye mamlaka, anatenda kosa. Waganga wa ramli chonganishi walipigwa marufuku tena na tena, ikiwamo mwezi Januari 2015, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipolitia taifa aibu. Lakini sheria yetu hii ina utata ambao wanakijiji wanauona upesi kuliko wanasheria: wanasema kwamba kama serikali yenyewe imetunga sheria ya uchawi, basi serikali yenyewe inajua kwamba upo. Na msafara ulipoondoka, mambo yangu yalizidi kuwa mabaya kwa muda, kwa kuwa watu waliamini kwamba mimi ndiye niliyempigia simu kiongozi yule. Sikumpigia. Nilikwishajifunza kwamba mtu anayesimama peke yake husingiziwa hata mvua.

Wateja walirudi polepole, na sitadai kwamba walirudi kwa sababu walibadilisha mawazo. Chikichi ziliiva kwa wingi, mashine nyingine ya kijijini ikavunjika gia, na mafuta yangu yalikuwa masafi. Mama wa kwanza kurudi alileta mikungu yake jioni, akaiacha nje ya uzio. Mwezi uliofuata akaingiza ndani. Ufunguo wa vikoba sikurudishiwa, nami sikuuomba. Jirani yangu mzee hakupona na jambo lile. Aliuza michikichi yake kwa bei ya kutupa ili alipe faini, akahamia kwa jamaa zake upande wa Nguruka, na wanaomiliki mashamba yake leo ni miongoni mwa walioleta daftari la michango. Hilo hulitaja kila ninapoambiwa kwamba yaliyopita si ndwele.

Shangazi aliishi nami hadi alipofariki kitandani kwake kwa maradhi ya uzee. Nilijiandaa kwa maziko ya watu wachache. Walikuja wengi kuliko nilivyopika, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona kama atazikwa kama watu wengine. Shemeji yangu, ambaye alikuwa hajaingia nyumbani kwangu tangu siku ya kamchape, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Tulipomaliza matanga alikuja akakaa kwenye kigoda kilekile, akanywa chai, nikamuuliza ilikuwaje. "Ni shangazi yangu," alijibu. "Nani mwingine angeshuka? Lakini kuhusu ule upepo, shemeji, bado sijajibiwa."

Tunaelewana kwa kiasi hicho. Ameniambia waziwazi kwamba kamchape wakirudi atatoa mchango wake, nami nimemwambia waziwazi kwamba mimi sitatoa na kwamba mlangoni kwangu hawataingia. Mwaka jana nilitumia fedha za mawese kununua majaketi okozi kwa ajili ya mtumbwi wa familia, na yeye ndiye anayesimama ufukweni jioni kuhakikisha kila kijana amefunga kamba za jaketi lake kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Anasema upepo una wenyewe, lakini jaketi halina ubaya.